Aliyetajwa Mara Tatu

Bakuli langu limekaa juani miaka thelathini, liko wazi, mvua zote zimelinyeshea, na bado halijajaa. Ni nini?

Watoto wa Soavimanga walikuwa wakinijibu kabla sijafunga mdomo: dishi la redio! Maana lilikuwa pale pale kilimani, nyuma ya nyumba yetu, jeupe, pana kuliko uwanja wa kuanikia mpunga, limeinua uso juu kama mgonjwa anayengoja kupewa dawa. Mume wangu ndiye aliyekuwa mlinzi wake, fundi wake na, nikisema kweli, mke mwenzangu alikuwa lile dishi.

Jina lake Randriamihaja. Mimi humwita Baba Hanta, kwa jina la binti yetu. Kazi yake ilikuwa kupokea matangazo ya mji mkuu na kuyarusha upya ili yafike kwenye mabonde yetu yote. Nilipoolewa na kuletwa kilimani pale nilimuuliza hilo bakuli linakula nini. Akacheka, akanieleza.

"Malala, sauti inatoka mji mkuu, inapanda kwenye setilaiti huko juu ambako hata wingu halifiki, halafu inashuka. Safari ni ndefu mno. Ikifika hapa imechoka, ni mnong'ono tu. Dishi ni sikio. Kazi yangu ni kuangalia mtu asije akapiga kelele karibu na sikio."

"Na nikikuita chakula?"

"Wewe piga kelele tu. Kelele zako haziko kwenye masafa yake."

Kwetu watu hawafungui redio kwa ajili ya nyimbo. Wanafungua saa sita na nusu mchana kusikia matangazo ya misiba. Msomaji anataja marehemu, kijiji chake, siku ya maziko, kisha anaita ndugu mmoja mmoja pamoja na mahali walipo: fulani aliyeko machimbo ya yakuti, fulani aliyeolewa pwani, fulani askari. Anayetajwa anaacha jembe mtaroni. Simu haitumiki kwa jambo hilo. Simu ni ya sikio moja, msiba ni wa wote, na kumnong'oneza mtu kifo cha baba yake kama unayempa bei ya vitunguu, kwetu ni kumvunjia heshima yeye na marehemu.

Sasa kwenye ukoo wa mume wangu, kule bonde la Ankazotsara, palikuwa na sharti zaidi. Zamani kulitokea ugomvi mbaya. Ndugu mmoja hakuja kumzika mama yake, akadai hakuambiwa. Wengine wakasema aliambiwa. Watu wakashikiana mashoka mbele ya kaburi. Wazee walipokaa kutafuta dawa, mume wangu, kijana wakati huo, ndiyo kwanza ameajiriwa redioni, viatu vipya vinalia kwaa kwaa, alisimama akasema, "Wazee wangu, shahidi mnaye. Mtu anaweza kusema uongo, barua inaweza kupotea. Redio haikosi kufika." Wakampigia makofi. Ikawa sheria: aliyetajwa na redio kwa jina lake, siku tatu, asije, amejitoa mwenyewe. Nafasi yake kaburini inapewa mwingine.

Msichukulie hilo jambo dogo. Sisi tunaishi kwenye nyumba za udongo na tunazikwa kwenye nyumba za mawe. Wazee wanasema: tukiwa hai nyumba moja, tukifa kaburi moja. Kila mtu anajua ubavu wake, atalala karibu na nani, miguu ya nani itamwelekea. Mtu asiye na kaburi la ukoo ni kama mbwa aliyefia njiani. Hata mwizi haombewi hilo.

Baba mkwe wangu, mzee Razafintsalama, alikuwa na miaka tisini na kitu. Mwaka jana, baada ya mavuno, tulikwenda kumsalimu. Alikuwa amekwisha, amebaki macho na maneno. Alipenda vitendawili kama mimi, ndiyo maana tulipatana.

"Mkwe wangu, nyumba yangu ina mlango mmoja, mgeni huingia kwa kubebwa, na hakuna aliyewahi kulalamika godoro."

"Kaburi, baba."

"Umenipata." Akamgeukia mume wangu. "Mihaja, wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza. Sanda ya hariri utanifunika wewe kwa mkono wako, siyo mwingine. Na ubavu wangu wa kulia ni wako. Nimekuwekea."

Ratsimba, mdogo wake wa mama mwingine, alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Akasema bila kuinua kichwa, "Ila kama atakuwa na nafasi. Watu wa redio wana shughuli."

"Mimi nitasikia kabla yako, bwana mdogo," mume wangu akamjibu. "Wewe utaniona tu nimefika."

Tulicheka. Hata Ratsimba alicheka.

*

Mnara ulijengwa kilima cha pili, tunachotazamana nacho, wakati wa baridi. Kampuni ya simu ilileta watu wenye kofia za njano wakamaliza kwa wiki tatu. Mume wangu aliusifu. Alisema mlingoti wake umenyooka vizuri. Jumatatu moja asubuhi wakauwasha.

Nilikuwa napepeta mchele uani. Redio ya jikoni ilikuwa inasoma habari, msomaji akakatika katikati ya neno kama mtu aliyekabwa koo. Kisha ikaja sauti ya mafuta ya moto yakitiwa maji. Shaaaa. Mume wangu akatoka kwenye chumba cha mitambo, kidevu kina povu nusu kwa maana alikuwa ananyoa.

"Umegusa nini?"

"Mimi? Nimegusa ungo."

Alipanda kwenye dishi. Akaligeuza nywele moja huku, nywele moja kule. Akabadilisha waya. Akafungua kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, akakipangusa, akakirudisha. Shaaaa. Mchana ukafika, saa sita na nusu ikapita, na huko chini sokoni tukaona watu wametoka nje ya vibanda wanatazama kilimani kwetu.

Zefa, mshona viatu, ndiye aliyepanda kwanza. Huyo hana dogo.

"Mzee Mihaja, redio yako imeshikwa na mafua?"

"Ondoka Zefa, nina kazi."

"Ipake mafuta ya taa kifuani. Sisi tunauliza tu, kwa sababu kule chini wameshaanza kusema serikali imepinduliwa."

Hapo ndipo mume wangu alipoogopa. Kwetu redio ikinyamaza watu huanza kuficha mchele. Wengine walikwisha kufunga maduka. Akaniambia, "Siwezi kuacha watu kwenye kelele ile." Akachukua kanda zake za zamani, muziki wa kodiani, ule wa sherehe unaofanya hata mwenye mkongojo anyanyue mguu, akaziunganisha kwenye mtambo. Soko likatulia. Zefa akashuka anacheza.

Nilimwona ameridhika. Nami nikaridhika, Mungu anisamehe. Nilimtilia wali na majani ya muhogo, tukala tunasikiliza kodiani.

*

Siku ya pili, Jumanne, alikwenda mnarani kwa miguu. Mimi nilifuatana naye kwa sababu magoti yake hayaaminiki kwenye mteremko. Tulimkuta kijana mmoja mhandisi anaitwa Tahiry, mtoto wa watu, mwenye adabu, akatupisha kwenye kivuli cha gari lake na kutumiminia maji ya ukoko, yale yanayochemshwa kwenye sufuria ya wali, kutoka kwenye chupa yake.

Mume wangu akaeleza. Tahiry akasikiliza mpaka mwisho.

"Naelewa, baba. Mnara wetu umepewa masafa mapya, yale yaliyopakana na yenu. Zamani huku chini palikuwa kimya, dishi lako likasikia vizuri. Sasa sisi tunaongea hapo hapo mlangoni."

"Hamwongei. Mnapiga mayowe."

"Ndiyo, baba. Kwa dishi ni mayowe."

"Basi punguzeni."

Kijana akatoa kibao chake cha kioo, akatafuta kwa kidole. "Ofisi ya masafa ilitupa orodha. Kila dishi la kupokelea lililosajiliwa nchi nzima, tukikaribia lazima tulikinge. Natafuta Soavimanga..." Akashusha, akapandisha. "Haipo."

"Haipo vipi? Lipo pale. Unaliona."

"Naliona kwa macho, baba. Kwenye kitabu halipo. Hamkuliandikisha?"

Mume wangu akaligeukia dishi lake kule ng'ambo. Mimi nilikumbuka zile fomu. Zilikuja miaka saba iliyopita kwenye bahasha ya kaki, kurasa kumi na moja. Alizisoma, akacheka, akanipa niwashie moto. Alisema mwenye kusema ndiye anayeomba ruhusa ya kusema. Mlingoti wake wa kurushia una kibali, kimefungiwa kwenye kioo ukutani. Lakini dishi?

"Dishi halisemi," akamwambia Tahiry. "Linasikiliza tu. Tangu lini mtu akaomba kibali cha kusikiliza?"

"Si lazima kuomba, baba. Ila asiyeomba hana ulinzi. Sheria ndivyo ilivyo."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye kosa."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, ila ndivyo."

Kijana alisikitika kweli, sikuona unafiki usoni mwake. Akasema kuna kichujio, kitu kidogo cha chuma, kinafungwa mbele ya kile kichwa cha dishi, kinakata kelele na kupitisha mnong'ono. Ataagiza kwa jina lake mwenyewe. Kinatoka ng'ambo. Wiki nane.

"Na huku nyuma?" nikauliza. "Si tuichukue redio ya mji mkuu kwenye simu tuirushe?"

"Ingewezekana, mama. Ila mnara haujafunguliwa kwa wateja. Tuko kwenye majaribio, mpaka mwezi ujao."

"Yaani unapiga mayowe na hauongei na mtu?"

Akainamisha kichwa. "Kwa sasa, ndiyo, mama."

Tulirudi. Mume wangu akabadilisha kanda. Jumanne kodiani, Jumatano kodiani, Alhamisi kodiani. Saa sita na nusu mchana aliweka ile anayoipenda zaidi, ya arusi, ili watu wasikumbuke sana kilichokosekana.

*

Ijumaa ni siku ya gulio. Asubuhi, jua bado halijayeyusha umande, akapanda kwetu Ravololona, muuza vitunguu. Huyu anatoka ng'ambo ya mto mkubwa, kwenye mji wenye mtambo wake mwingine, na huwa anashusha magunia yake sokoni kwanza ndipo anakuja kunywa kahawa. Siku hiyo alikuja moja kwa moja. Alikuwa amejitanda shuka nyeupe begani, ile ya msibani, na mkononi ana bahasha ya rambirambi, ile ya kufuta machozi.

Redio ya jikoni inalia kodiani.

Akasimama mlangoni. Akanitazama mimi, nina mwiko mkononi. Akamtazama mume wangu, anatikisa kidole kufuata mdundo.

"Shoga yangu," akaniambia polepole, "kwenu mnaomboleza hivi?"

"Nani anaomboleza?"

"Mzee Mihaja, mbona uko hapa?"

Mume wangu akasema, "Nikae wapi? Karibu kahawa."

Yule mama akaketi kwenye kizingiti, pale pale chini. Bahasha ikamwanguka. "Jamani, jamani. Siku tatu wamekuita. Jumanne, Jumatano, jana. Nimesikia kwa masikio yangu. Mzee Razafintsalama wa Ankazotsara. Wakasema, Randriamihaja, mtoto wake wa kwanza, aliyeko Soavimanga, njoo umfunike baba yako. Nikasema moyoni, huyo atakuwa ameondoka kabla msomaji hajameza mate."

"Wanazika lini?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Leo. Leo adhuhuri."

Kodiani ikaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Binti yetu Hanta anaishi mji mkuu ambako ndiko tangazo linakosomwa, lakini vijana wa mjini redio wanaijulia wapi. Na ndugu wengine waliosikia, huko machimboni, huko pwani, kila mmoja alijiambia kama alivyojiambia Ravololona. Nani ampigie simu mtu wa redio kumwambia redio imesema nini?

*

Kutoka kwetu hadi Ankazotsara ni mwendo wa siku nzima na kipande. Tulifika Jumamosi mchana. Njiani alisema jambo moja tu: "Ile ya arusi niliirudia mara mbili."

Udongo wa kuzibia mlango wa kaburi ulikuwa bado haujakauka. Aliweka kiganja chake pale, ukabaki umechora vidole vyake. Ratsimba akaja na mwiko wa mwashi akausawazisha tena.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye mikeka upande wa mashariki wa nyumba. Aliyeongoza ni Andriantseheno, mdogo wa marehemu, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa ng'ombe. Tulipiga magoti. Mume wangu akaeleza. Alieleza vizuri, jamani, kama anavyoeleza siku zote: setilaiti, mnong'ono, mnara, masafa mapya, dishi kuzibwa masikio. Aliwachorea chini kwa kijiti. Wazee wakatazama ule mchoro kama watu wanaotazama nyayo za mnyama wasiyemjua.

"Kaka," Ratsimba akasema, "hata mbuzi wa bonde hili wamesikia."

"Mbuzi wa bonde hili wanasikia kwa mtambo mwingine, hawana mnara mbele ya mlango."

"Tunao wapi? Huku simu tunapanda mlima kutafuta mstari mmoja. Ninyi mmeletewa mnara mnalalamika."

"Ratsimba, acha," mzee akasema. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mwanangu. Mwaka ule wa mashoka, ulisimama hapa. Ulitwambia nini?"

Mume wangu akaufuta ule mchoro kwa kiganja.

"Nakuuliza si kwa kukudhihaki. Nataka useme mwenyewe."

"Nilisema redio haikosi kufika."

"Ndivyo ulivyosema. Tukakuamini, kwa sababu ni kazi yako. Tangu siku hiyo watu wanne wamekosa nafasi zao kaburini humu kwa neno hilo lako. Mmoja alisema betri za redio zilikuwa zimekwisha. Tulimwambia, angenunua. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Nikashindwa kuvumilia. Nilisema, "Baba mdogo, naapa mbele ya marehemu, dishi lilikuwa limezibwa. Mimi nilisikia ile kelele. Siku ya kwanza nilikuwa napepeta mchele."

"Mkwe, nakuheshimu. Lakini mke hamtolei mumewe ushahidi." Akafikiri kidogo, naye nilimwona anatafuta mlango wa kutupitishia, kweli alikuwa anautafuta. "Soavimanga ni mji. Kuna watu wengi. Kama siku tatu zile redio yenu ilinyamaza, mji mzima ni shahidi. Nitatuma mtu wa kuaminika kesho aulize sokoni. Wakisema ilinyamaza, sheria itakuwa haikushiki, na tutaubomoa udongo huu tukuingize umguse baba yako. Niambie tu, mwanangu. Ilinyamaza?"

Nilimshika mume wangu ukosi wa koti kwa nyuma. Nilitaka aseme ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka. Na huyo mtu wa kutumwa angeweza kubembelezwa njiani, Zefa angeweza kuombwa aseme ilinyamaza.

"Haikunyamaza," mume wangu akasema. "Ilipiga muziki."

"Muziki gani?"

"Kodiani. Ya arusi."

Wanawake waliokuwa wamekaa ukutani wakajifunika nyuso kwa shuka. Mzee akafumba macho.

"Ungeiacha inyamaze, mwanangu," akasema. "Ungeiacha tu inyamaze."

Walitoka wakashauriana nyuma ya zizi. Hawakukawia. Mzee alirudi akasema ubavu wa kulia wa marehemu umepewa Ratsimba, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfunika. Randriamihaja ametajwa mara tatu na hakuja. Hakuna ubaya naye, anaweza kutembelea, anaweza kula. Lakini siku akifa wasimlete.

Nikainuka, nikamfunga mume wangu shuka vizuri begani, nikasema, "Twende nyumbani."

"Mkwe, ngoja," mzee akaniita. "Wewe na Hanta na wajukuu hamjapoteza kitu. Tangazo halikuwataja ninyi kwa majina. Nafasi yako ipo, marehemu mwenyewe aliiweka. Utakuja kulala nasi."

Nilimtazama nikijua hakusema kwa ukatili. Aliniambia habari njema, kwa kadiri alivyokuwa nayo.

*

Tuliporudi Soavimanga tulikuta na wengine wamepatwa. Mama mmoja wa bondeni alikosa kumzika dada yake. Mzee mmoja alikosa mjomba. Hao ukoo wao hauna sheria ya mara tatu, wakalia tu, wakaja kulia kwetu pia. Mume wangu aliwapokea wote mlangoni, akasimama mbele yao amevua kofia, akasema kosa ni lake. Mimi nilimwambia si lake peke yake. Akaniuliza ni la nani basi, la setilaiti? La kijana wa mnara aliyetupa maji? La ofisi iliyoleta fomu kurasa kumi na moja? Nimejua vitendawili tangu sijaota meno ya pili, na kwa hicho nilisema nimeshindwa, nikatafuta mji wa kutoa, sikuuona.

Kanda za kodiani alizitia kwenye kisanduku. Wiki zote zile aliacha redio ikipiga ile shaaaa, mchana kutwa, na hakuna aliyeficha mchele tena. Watu walikuwa wamekwisha kuizoea. Wengine hata waliacha kufungua.

Usiku sikumsikia akilia. Mchana ndiyo nilimwona mara moja, amekaa chini ya dishi na koleo mkononi, hafanyi kitu. Nikaketi karibu naye. Nilimwambia kwamba mimi sitakwenda Ankazotsara, nitazikwa na yeye popote atakapozikwa, hata hapa hapa kilimani.

"Usiseme maneno hayo, Malala. Utawafunga watoto. Nani atakuja kututunza hapa? Watauza hiki kilima."

"Basi nitalala wapi?"

"Pale ulipowekewa." Akavuta pumzi. "Utamsalimu mzee."

Kichujio kilifika wiki ya tisa. Tahiry alikuja nacho mwenyewe, amekifunga kwenye soksi ili kisikwaruzike. Kilikuwa kitu cha kuchekesha, kipande cha chuma kisichozidi tofali la sabuni. Alipanda dishini pamoja na mume wangu, wakasaidiana kukaza skrubu, wakashuka. Kijana hakuwa anajua lolote la Ankazotsara. Hatukumwambia, na nani wa kumwambia? Alikuwa na furaha kama mtu aliyemponya ng'ombe.

"Washa, baba."

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Sauti ikatoka kama maji ya chemchemi. Neno halikuwa na vumbi hata kidogo. Sokoni tukasikia redio zinafunguliwa moja baada ya nyingine, mpaka sauti ile ile ikawa inapanda mlima kutoka kila kibanda. Zefa akapiga mluzi kutoka chini. Nilitandika mkeka, nikamkaribisha kijana wali.

Saa sita na nusu ikaja misiba. Watatu, hatuwajui. Kisha zikaja shukrani, maana kwetu mwezi wa pili au wa tatu baada ya maziko ukoo huwashukuru waliofika pamoja na wote wenye nafasi kaburini, kwa majina.

"Ukoo wa marehemu Razafintsalama wa Ankazotsara unawashukuru wote walioshiriki kumsindikiza mzee wao. Mdogo wake, Andriantseheno. Mtoto wake mkubwa, Ratsimba, na mkewe. Mkwe wake, Malala wa Soavimanga. Mjukuu wake, Hanta, wa mji mkuu..."

Orodha ilikuwa ndefu. Ilitaja hadi waliochota maji. Mume wangu alikuwa amekaa mbele ya mtambo, mkono juu ya kile kitufe cha sauti. Angeweza kukizungusha. Nywele moja tu, na mabonde yote yangesikia shaaaa, na nani angemlaumu? Niliuangalia mkono ule. Katikati ya majina sindano ya kipimo cha sauti ililegea kidogo, akainua sauti ili isishuke, kama kazi inavyotaka.

"Umesikia, baba?" Tahiry akasema, wali mdomoni. "Hata mkwaruzo hakuna."

"Hakuna," mume wangu akasema.

Kule chini sokoni hapakuwa na mtu anayeongea. Nilimpelekea maji ya ukoko kwenye kikombe chake, nikayaweka karibu na goti lake. Hakuyagusa. Shukrani za ukoo ule ziliisha, zikaanza za ukoo mwingine, kisha wa tatu, naye akakaa pale pale na mkono juu ya kitufe mpaka jina la mwisho, maana huwezi kuondoka mtambo ukiwa katikati ya wafu wa watu.